Mng'aro wa Mwenyekiti

Tangu achaguliwe mwenyekiti wa kamati ya mapambo kanisani, yule bwana alikuwa hasikii tena ukimwita baba watoto. Mkewe alimwita hivyo mara kadhaa, naye akaendelea kutafuna kana kwamba ameitwa wa nyumba ya pili. Lakini ukisema, "Mwenyekiti, chai inapoa," alikuwa anageuka taratibu, shingo na mabega pamoja, kama mtu anayepigwa picha, halafu anajibu, "Nimesikia."

Kamati yenyewe kazi yake ilikuwa kununua maua na kuhakikisha vitambaa vya altare vimepigwa pasi. Ila kwa alivyotembea nayo ungedhani amekabidhiwa nchi. Alianza kuvaa koti hata dukani kwake, alikouza vigae, masinki na vyoo vya kukaa, akawa anawaambia wateja, "Leo nina kikao," ilhali kikao chenyewe ni cha kujadili maua ya plastiki yafuliwe au yatupwe. Na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameuza vitu vinavyong'aa, aliamini kabisa, wala hakuna aliyemfundisha, kwamba kitu kitakatifu ni kile ambacho ukikiinamia unajiona uso wako.

Mkewe hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kutazama. Alikuwa akimtazama mumewe anavyojitazama, basi.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ile alikaa mama mkwe wake, mama mzazi wa Mwenyekiti. Macho yalikuwa yamemwacha kidogo kidogo, kama mgeni anayeona haya kuaga, hadi ikawa hata mwanga wa dirisha anaujua kwa joto lake shavuni. Pembeni ya kitanda palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza sanamu ya shaba ya Mama Bikira amempakata Mtoto, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Aliachiwa na mama mkwe wake yeye, ambaye naye aliachiwa. Ilikuwa nzito, nyeusinyeusi kama chai ya rangi iliyolala, isipokuwa sehemu zilizoshikwa sana: unyayo mmoja, pua ya Mama, kiganja cha Mtoto. Hapo ilikuwa ya njano laini.

Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, bibi alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda na kuinyooshea mikono. Alianza na unyayo, hapo aliwaombea marehemu wake. Akapanda kwenye mikunjo ya nguo, hapo ni wagonjwa. Kiganja cha Mtoto kilikuwa cha wajukuu. Uso aliuacha mwisho, na hapo hakuomba kitu. Alikuwa anaushika tu, anakaa.

Zamani, mkewe Mwenyekiti akiwa bado mgeni katika nyumba ile, aliwahi kumuuliza kwa woga, "Mama, kwani unasali kwa shaba?"

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Shaba ina nini, mwanangu? Ingekuwa na masikio ingeshanikimbia kwa niliyoyasema humu. Mimi naishika ili mawazo yasitoroke. Nikikaa mikono mitupu, mdomo unasema Salamu Maria, kumbe mwenyewe niko jikoni nagombana na vitunguu. Nikimshika huyu, najua nimeketi na nani."

Basi mkaza mwana akapewa kazi ya kuitunza. Kuifuta kwa kipande cha fulana iliyochakaa, kikavu, na kwenye mikunjo kupitisha brashi laini kutoa vumbi. Siku za mvua aiangalie isiote kutu ya kijani. Limau asilisogeze. Majivu asiyasogeze. "Huo weusi ndio nguo yake," bibi alimwambia. "Ukimvua, atavaa nini?"

Mambo yakaharibika kwa sababu ya kidaka. Paroko alikuwa ameamua ukuta wa karibu na mlango mkubwa utobolewe kidaka, iwekwe sanamu, watu wakiingia waisalimu. Mwenyekiti akajitolea vigae. Vya buluu, vina maua. Mkewe alipovitazama ukutani akavitambua, maana vilikuwa vilevile vilivyokuwa bafuni kwao. Akajiuliza kama ni yeye peke yake atakayeingia kanisani akatafuta ndoo.

Sanamu iliyoagizwa ikachelewa. Kwenye kikao, katibu wa kamati, nesi mstaafu mwenye ulimi uliozoea kuamrisha wagonjwa, akasema tarehe ya uzinduzi isogezwe tu. Mwenyekiti akainuka na koti lake.

"Haitasogezwa. Jumapili sanamu itakuwepo. Ya shaba. Ya ukoo wetu."

"Umemuuliza mwenyewe?" katibu akauliza.

"Mimi ndiye mwenyewe."

Jioni hiyo akaenda chumba cha nyuma, akapiga magoti kwa heshima zote, akamwomba mama yake. Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la nguo, akasikia kila neno. Vidole vya bibi vilikuwa vimekwenda mezani vyenyewe.

"Nyumba ya Mungu siwezi kuinyima," akasema. "Ila Jumapili ikiisha, jioni umrudishe. Mimi bila yeye nabwabwaja tu. Na arudi hivihivi alivyo. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, Mama."

"Hivihivi."

"Mama, mimi ni mwenyekiti. Vitu vya watu navijua kuvitunza."

Mkewe akaliweka beseni chini. Alikuwa amekaa na mtu yule miaka mingi kiasi cha kujua kwamba anapotaja cheo chake, hapo ndipo hajasikia chochote.

Na kweli, Jumamosi asubuhi, mvua inanyesha, Mwenyekiti akaifunga sanamu kwenye taulo na kumwambia mkewe amshikie mwavuli. Hawakwenda kanisani. Walikwenda kwa fundi wa kung'arisha rimu za pikipiki.

Fundi alikuwa na miwani ya kazi kipajini na kalamu sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Akaigeuza sanamu juu chini kama anayechagua papai.

"Imechoka hii, bosi."

"Ndiyo maana nimeileta. Nataka mtu akiwa barabarani aione."

"Ikitoka kwangu utanyolea ndevu mbele yake."

"Baba watoto," mkewe akasema, kisha akajisahihisha, maana alitaka asikiwe. "Mwenyekiti. Mama amesema hivihivi."

"Mama anaijua ilivyo kweli? Mara ya mwisho kuiona ilikuwa lini?" Akacheka, fundi naye akacheka kwa kuwa huyo ndiye mteja. "Hebu fundi, anza na uso. Watu huangalia uso."

Fundi akawasha mashine. Gurudumu likaanza kuimba. Mkewe Mwenyekiti alipoona pua inasogezwa pale kwenye gurudumu, mkono wake ulikwenda wenyewe ukashika kiwiko cha fundi. Mumewe akauondoa mkono ule kwa upole mkubwa, ule upole wa mtu anayeona aibu mbele ya watu, akamwambia amwache mtaalamu afanye kazi.

Mtaalamu akafanya kazi. Shaba ya siku nyingi iliyokuwa imelainishwa na vidole vya wanawake watatu haikuwa na kitu cha kubakisha. Mashine ilipozimwa, pua ya Mama ilikuwa imebaki kama chunusi. Macho yalikuwa vishimo viwili, kama vya kidole kwenye unga. Mtoto alikuwa yai lililomenywa, na kiganja chake kimeungana na kifua hata hujui alikuwa anabariki au anajikuna.

Fundi akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ya kisasa," Mwenyekiti akasema hatimaye. "Sanamu za siku hizi ndivyo zilivyo. Hazina mambo mengi."

"Ila bosi, ina mabaka," fundi akasema. Na kweli, mng'aro ulitoka mahali na mahali haukutoka. Shavu moja njano, jingine jekundu.

"Mabaka si tatizo. Dukani nina rangi ya dhahabu ya kupuliza. Tuliyopulizia fremu za vioo."

Njiani, chini ya mwavuli, mkewe akamuuliza, "Utamwambia nini mama?"

"Mama haoni."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mwenyekiti alikuwa anachagua jinsi atakavyosimama kesho.

Rangi ikapulizwa mchana huo stoo ya duka, katikati ya vyoo vya kukaa. Mvua haikukatika. Sanamu ikawekwa mbele ya feni. Jumapili asubuhi mkewe akaigusa begani kwa kidole kimoja. Alipoondoa kidole, alama yake ikabaki pale, na mistari yake yote, kama aliyetia sahihi.

"Haijakauka," akasema.

"Watabusu juujuu."

Kanisani palikuwa pamejaa. Kidaka kinang'aa, vigae vinang'aa, na katikati yao kitu kile cha dhahabu kisicho na uso. Watu wa mbali walisifu. Wa karibu walikohoa. Paroko, mzee mpole mwenye miwani mizito, aliinama akakitazama, akarudi nyuma, akaisafisha miwani, akatazama tena. Halafu akakibariki, kwa kuwa ndilo jambo lililokuwa kwenye ratiba, akawakumbusha watu kuwa sanamu haiabudiwi. Ni ya kumkumbusha mtu, kama picha ya mzazi. Katibu alisikika akimnong'oneza mwenzake, "Mzazi wa nani huyo?"

Desturi yao ilikuwa wapite kwa foleni, kila mtu abusu unyayo, aguse kiganja cha Mtoto, aende zake. Mwenyekiti alikuwa ameomba awe wa kwanza. Akabusu. Na hakubusu juujuu, maana wapiga picha wa harusi walikuwa wameitwa. Alituliza midomo pale hadi akahakikisha picha imepigwa. Kisha akasimama kando ya kidaka kuwapokea watu, mikono nyuma, anatabasamu kwa midomo ya dhahabu.

Hakuna aliyemwambia. Waliokuwa nyuma yake walidhani kule kukawia ni hisia. Walipoanza wao wenyewe kubusu, wakawa wanajipangusa, na wakijipangusa inasambaa. Mzee mmoja wa sharubu akaondoka na sharubu za mfalme. Mama mmoja, mtandio wake mweupe wa lesi ulinaswa begani mwa sanamu, akauvuta, nyuzi zikabaki pale, Mama Bikira akaota nywele. Mtoto mchanga aliyesogezwa shavu abarikiwe akarudi kwa mama yake ana shavu la thamani kubwa. Kwaya ilipofika, waimbaji wa sauti ya pili wakaanza kutazamana midomo, na hapo kicheko kikaanza, kile kicheko cha kanisani kinachopita puani kwa kuwa mdomoni ni dhambi.

Mwenyekiti akaona watu wanafurahi. Akaenda mbele kutoa neno.

"Ndugu zangu," akaanza, na midomo ile ikawaka kwenye mwanga wa dirishani, "kwanza niseme, mimi sipendi sifa."

Kanisa likapasuka. Paroko mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Ndipo Mwenyekiti alipojigusa mdomo, akatazama vidole vyake.

"Mwenyekiti," katibu akasema kwa sauti yake ile ya wodini, "tuliambiwa tuwe nuru ya ulimwengu, lakini si lazima iwe kwa midomo."

Baada ya ibada paroko alimwita pembeni. Hakumgombeza. Alisema tu, "Irudishe kwa mama, ndugu. Na hivyo vigae tutazungumza."

Nyumbani, bibi alikuwa ameketi tangu mchana, mikono mapajani, amevaa gauni lake la kutokea ingawa hakuwa ametoka. Mwenyekiti alijisugua midomo kwa mafuta ya taa, ikawa myekundu imevimba, akaifuta sanamu vivyo hivyo hadi rangi nyingi ikatoka na nyuzi za lesi zikatoka. Akaingia nayo. Mkewe nyuma yake.

"Mbona unanuka mafuta ya taa?" bibi akauliza.

"Ni... niliwasha jiko, Mama. Huyu hapa. Nimekurudishia kama tulivyokubaliana."

Bibi akanyoosha mikono. Ilianza kwenye unyayo, ikasimama kidogo, ikaendelea. Ikapanda kwenye mikunjo, ikateleza, maana mikunjo haikuwepo. Ikatafuta kiganja cha Mtoto. Ikazunguka pale kifuani, ikazunguka tena, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Mwishowe ikafika usoni. Mkewe Mwenyekiti hakuweza kutazama, akatazama sakafu.

"Huyu nani?" bibi akauliza.

"Ni yeye, Mama. Ameoga tu."

"Nimekuuliza huyu nani."

"Mama, anang'aa sana sasa."

Bibi akaugeuzia uso wake mahali sauti ilipotoka. "Anang'aa," akasema. "Anamng'aria nani humu ndani?"

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alfajiri mkaza mwana alikuwa anamsikia bibi akianza sala, akifika katikati, akinyamaza, akianza tena. Halafu anasikika akisema peke yake, kwa uchovu, "Vitunguu." Chakula kilirudi jikoni kikiwa kimepekuliwa tu. Sanamu ilikuwa mezani, ameigeuza iangalie ukuta.

Mwenyekiti akaamua tatizo ni sanamu, akanunua nyingine. Aliileta kwenye boksi, mpya, nyusi zimechongwa, mashavu yapo. Bibi aliigonga kwa ukucha. Ikalia.

"Hili ni kopo," akasema. "Wape wajukuu watilie penseli."

"Mama, unataka nini basi? Niambie, nilete."

"Huwezi kukileta. Umekisaga."

Akatoka amenuna, akaenda sebuleni, akakaa na koti lake. Mkewe alibaki chumbani kukunja shuka. Bibi akamwambia, taratibu, kama anayemuuliza kuhusu chumvi, "Mwanangu, kwani humu ndani kuna kitu gani tena ambacho mikono yangu inakijua? Siyo kijiko. Kitu chenye sura."

Mkaza mwana akafikiri. Wajukuu sura zao zinakua kila mwezi, huwezi kuzizoea. Yeye mwenyewe alikuja mtu mzima, bibi hakuwahi kumshika uso. Akaona jibu, na jibu lenyewe lilimchekesha kwa uchungu, akalisema kwa dharau yote aliyokuwa ameilaza kifuani tangu kwa fundi.

"Labda huyo mwanao, Mama. Huyo si ulimwosha uso wewe mwenyewe hadi akaanza kunyoa? Na kukaa kama sanamu anajua sana."

Alidhani bibi atacheka. Bibi hakucheka. Aliinamisha kichwa, akawaza, vidole vyake vikitembea juu ya shuka.

"Mwite," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri iliyofuata Mwenyekiti aliamshwa, akaketishwa kwenye kigoda mbele ya kitanda, bila koti, uso umevimba usingizi. Alijaribu kukataa. Alisema ni mtu mzima, alisema ana cheo, alisema paroko hatakubali. Mkewe alikuwa ameshamuuliza paroko, na paroko alikuwa amejibu kwamba mama kumshika mwanawe uso akimwombea haijawahi kuwa dhambi mahali popote. Mwenyekiti akataka kumwangalia mkewe kwa hasira, lakini mikono ya mama yake ilikuwa imeshafika.

Ilianza kidevuni.

"Mama, mimi bado sija..."

"Sanamu haisemi," bibi akamkatiza.

Kidevu kikawa cha marehemu. Shavu moja wagonjwa, jingine wajukuu. Bibi alisali yote, moja kwa moja, bila kukwama, na sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. Mkaza mwana akaegemea mlango akasikiliza. Alipofika puani, bibi akatulia, akaishika kwa vidole viwili. Hapo ndipo zamani alikuwa haombi kitu. Sasa akaomba, kwa sauti, kana kwamba mwenye pua hayupo.

"Mama wa Mungu, nakuletea huyu. Akili alizaliwa nazo, niliziona mimi mwenyewe, sijui amezihifadhi wapi. Anapenda kutazamwa. Alikuwa hivyo tangu anatambaa. Akianguka, kwanza anaangalia nani amemwona ndipo alie. Mkewe ni mtu mwema, anavumilia. Umtie adabu huyu pole pole, usimvunje, maana ndiye niliyenaye. Na umsamehe kwa sura yako aliyoisaga. Mimi bado sijaweza, nitakujulisha."

Mwenyekiti hakutikisika. Jasho lilimtoka kipajini likateremka, mama yake akalipangusa kwa kidole gumba bila kukatisha sala.

Ikawa kila alfajiri. Asipokuja, chakula kinarudi jikoni kizima, na mkaza mwana anakiweka mezani mbele ya mumewe. Basi alikuja. Alijifunza kunyoa usiku, kwa kuwa ndevu zikichoma bibi anaanza upya. Sala ya pua ilirefuka kulingana na alivyoshinda jana yake; akijisifu dukani, habari zilikuwa zinafika, na kesho yake magoti yanamfa ganzi. Mkewe hakuwahi kuungama ni nani aliyekuwa akizipeleka.

Asubuhi moja katibu alipita mapema kuchukua ufunguo wa stoo ya kanisa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Akachungulia, akaona mwenyekiti wa kamati yake ameketi kwenye kigoda cha watoto, amefumba macho, pua imeshikwa, na mama yake akipeleka Mbinguni habari za kikao cha juzi, kikao ambacho katibu mwenyewe alikuwepo.

Katibu alisikiliza kidogo. Akatikisa kichwa kukubali kila jambo, maana lilikuwa kweli.

"Mwenyekiti anafanya nini pale?" akanong'ona.

"Yuko kazini," mkewe akajibu. "Karibu kiti, dada. Leo itachukua muda."